Pampu ya Pili Haikuleta Maji Maradufu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Huduma ya Maji

Barua za safari hii zimetoka kwa waendeshaji wa vituo vya pampu, mameneja ufundi na kamati za maji. Tumezifupisha. Pale ambapo mwandishi hakutupa vipimo tumetumia mfano, na kila msomaji anaweza kuweka namba zake.

SWALI: Tulikuwa na pampu moja ya lita 25 kwa sekunde. Tumepata ya pili, inafanana nayo kabisa, imefungwa sambamba kwenye bomba lile lile la milimita 200 linalopanda kilomita 6 hadi tangi lililo mita 60 juu ya kituo. Tulitarajia lita 50. Dira ya kupimia maji inasoma 33. Mkandarasi anasema pampu ni nzima, muuzaji wa pampu anasema bomba limeziba. Nani mkweli?
Msimamizi wa kituo cha pampu

JIBU: Mkandarasi ni mkweli, na bomba huenda halijaziba hata kidogo. Pampu ina kazi mbili: kuyapandisha maji hadi kimo cha tangi, na kushinda msuguano wa maji kwenye kuta za bomba. Kimo hakibadiliki, ni mita 60 zenu. Mwenye hila ni msuguano, maana maji yakiwa mara mbili wenyewe unapanda karibu mara tatu na nusu. Bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 200, likiwa bado laini, linapoteza takriban mita 21 katika kilomita 6 mkipitisha lita 25. Jumla mita 81. Mkipitisha lita 50 linapoteza mita 77, jumla mita 137, na pampu iliyochaguliwa kwa mita 81 haifiki huko hata mkiipigia magoti. Basi zinakutana njiani: kila pampu inapunguza utoaji hadi lita 16 na nusu hivi, msukumo unapanda hadi mita 95 na kidogo, dira inaandika 33.

Hakikisheni wenyewe kwa geji ya presha kwenye bomba la kutokea, mbele ya valvu ya kuzuia maji kurudi. Washeni pampu moja, subirini dakika kumi, andikeni presha na dira. Washeni ya pili, subirini tena, andikeni. Bari 1 ni mita 10.2 za maji. Mkitoka karibu bari 7.9 mkafika 9.4, bomba ni jembamba kwa kazi mnayoitaka. Muuzaji atakuwa na haki ikiwa hata kwa pampu moja geji inasoma, tuseme, bari 9 na dira iko chini ya lita 25. Hapo kuna kutu, hewa iliyonaswa kwenye vilele vya bomba, au valvu iliyoachwa nusu wazi. Anzeni na valvu, kwa sababu haina gharama: hesabuni mizunguko ya kila moja kutoka imefungwa hadi imefunguka, mlinganishe na valvu nyingine ya aina na ukubwa huo huo.

Hesabu ya umeme ndiyo inayouma zaidi. Chukueni jumla ya mita, gawanyeni kwa 367, kisha gawanyeni tena kwa ufanisi wa pampu na mota yake: jibu ni uniti za umeme kwa kila mita ya ujazo. Mita 81 kwa ufanisi wa 0.65 ni uniti 0.34. Pampu mbili zikisukumwa nje ya eneo lake zuri ufanisi ukashuka hadi 0.55, mita 95 zinakula uniti 0.47. Maji yameongezeka kwa theluthi moja, matumizi ya umeme yameongezeka kwa asilimia 80.

Kama pampu moja ilikuwa inafanya kazi saa 12 kwa siku, ongezeni saa kabla ya kuongeza kitu kingine chochote. Lita 25 kwa saa 20 ni mita za ujazo 1,800, badala ya 1,080. Pampu ya pili ibaki ya akiba, na zipokezane kila wiki ili isije ikaganda kwa kukaa. Kama saa zimekwisha, laza bomba jingine la ukubwa huo huo sambamba na la zamani. Si lazima litimie safari nzima: kilomita 3 tu zinawafikisha karibu lita 39, na kilomita zote 6 zinawapa zile 50 mlizozitarajia.

SWALI: Tunazalisha mita za ujazo 2,000 kwa siku na tunazotoza ni 1,150. Bodi inataka chanzo kipya. Sisi wa ufundi tunasema tutafute kwanza maji yanapopotelea. Tuanzie wapi?
Meneja ufundi

JIBU: Anzeni kwa kuishuku namba ya 2,000 yenyewe. Dira ya uzalishaji iliyochoka, au iliyofungwa karibu mno na kona ya bomba, huharibu hesabu zote zinazofuata. Tangi lenyewe linaweza kuikagua. Fungeni njia ya kutokea, acheni maji yaingie tu, pimeni yamepanda kiasi gani. Tangi la duara la kipenyo cha mita 10 lina eneo la mita za mraba 78.5, kwa hiyo maji yakipanda sentimita 40 zimeingia mita za ujazo 31.4. Dira ikiandika 36, mmekuwa mkitafuta maji ambayo hayakuwahi kuzalishwa.

Hatua ya pili ni usiku. Chagueni eneo moja ambalo linaweza kulishwa kwa bomba moja tu, fungeni valvu zote za mpakani, na pimeni maji yanayoingia kati ya saa 8 na saa 10 usiku, watu wakiwa wamelala. Tuseme eneo lina wateja 900 na dira inasoma lita 6 kwa sekunde. Hizo ni mita za ujazo 21.6 kwa saa. Matumizi halali ya usiku mkiyakadiria kwa lita 2 kwa kila mteja kwa saa yanafika 1.8 tu. Zaidi ya mita za ujazo 19 kila saa zinaingia ardhini. Mchana presha hushuka na uvujaji nao hupungua, kwa hiyo msizidishe kwa 24. Zidisheni kwa 20 hivi. Karibu nusu ya zile 850 (2,000 kutoa 1,150) mnazozitafuta zimo katika eneo hili moja.

Kuna mtego hapa. Mahali ambapo kila nyumba ina tangi juu ya paa, na hasa ambapo maji hutoka kwa mgao, usiku ndio wakati matangi yanajaa. Dira itawaonyesha uvujaji mkubwa ambao haupo. Dawa ni kupima baada ya siku kadhaa za maji yasiyokatika, matangi yakiwa yamejaa na maboya yamefunga.

Mkishajua eneo, endeleeni kulikata. Mmoja akae kwenye dira, mwingine afunge valvu za mitaa moja baada ya nyingine, akianzia mbali na kurudi kuelekea kwenye dira, kila mmoja akiandika saa. Valvu ikifungwa na dira ikashuka kwa lita 2 kwa mkupuo, mtaa wenu ni ule. Ndani ya mtaa tumieni fimbo ya chuma: ncha juu ya valvu au koki ya mteja, sikio kwenye kishikio. Mabomba ya chuma hupeleka sauti mbali. Ya plastiki huimeza ndani ya mita chache, kwa hiyo sikilizeni kila muunganisho bila kuruka.

Msishangae mkikuta kwamba adui si yale mabomba makuu yanayopasuka na kufurisha barabara. Bomba likipasuka na kumwaga lita 10 kwa sekunde, likazibwa baada ya saa 6, limepoteza mita za ujazo 216. Klampu ya kumuunganishia mteja inayovuja lita 0.2 kwa sekunde chini ya udongo wa kichanga, hakuna anayeiona, kwa miezi sita inapoteza zaidi ya 3,100. Kwa hiyo kipimo cha kikosi cha mafundi kiwe muda unaopita tangu uvujaji uanze hadi uzibwe, si idadi ya mipasuko waliyoikimbilia.

Presha nayo ni bomba la pesa. Kwa mtandao wenye mchanganyiko wa chuma na plastiki, ukipunguza presha kwa asilimia 10 uvujaji unapungua kwa kiasi kama hicho. Kama mabondeni mna mita 80 usiku wakati nyumba za ghorofa moja zinatosheka na 20, valvu ya kupunguza presha ni rahisi kuliko kilomita moja ya bomba jipya.

Bodi ikisita, ipeni mfano wa Phnom Penh, Kambodia. Mwaka 1993 mji ule ulikuwa unapoteza zaidi ya asilimia 70 ya maji yake. Uliweka dira kwa kila mteja, ukabadilisha mabomba, ukafuta miunganisho haramu na ukakusanya bili bila kujali cheo cha mtu, na ndani ya miaka kama 15 upotevu ulikuwa chini ya asilimia 10, maji yakitoka saa 24.

SWALI: Tunaandaa mpango wa maji wa mkoa wa miaka 20. Kila mshauri anakuja na namba yake ya mahitaji. Hesabu sahihi inakwendaje?
Afisa mipango

JIBU: Hesabu yenyewe ni fupi, makosa hujificha kwenye mpangilio wake. Chukueni watu 40,000 wanaoongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka. Baada ya miaka 20 ni karibu 72,200. Kwa lita 80 kwa mtu kwa siku ni mita za ujazo 5,780. Ongezeni asilimia 15 ya shule, hospitali, masoko na viwanda vidogo: 6,650 hivi.

Sasa upotevu. Kama mnalenga kupoteza asilimia 20 ya mnachozalisha, wengi huzidisha kwa 1.2. Si sawa. Asilimia 20 ni ya uzalishaji, kwa hiyo gawanyeni kwa 0.8: uzalishaji wa 8,310, upotevu ukiwa 1,660. Kisha siku ya matumizi makubwa, ile ya joto kali. Kigezo cha 1.3 kinafaa miji mingi midogo, lakini kinazidisha matumizi ya watu tu. Nyufa za mabomba hazijui kuwa leo kuna joto. Basi 6,650 mara 1.3, jumlisha 1,660, mnapata karibu 10,300. Kama pampu zitafanya kazi saa 20, hizo ni lita 143 kwa sekunde. Mabomba ya kusambaza kutoka tangini hupimwa kwa saa ya kilele, ambayo huweza kuwa mara mbili ya wastani au zaidi, na pengo kati ya kilele na pampu ndilo linalojazwa na tangi.

Msijenge yote siku ya kwanza. Bomba kuu na majengo yanaweza kubeba miaka 20, lakini pampu na mitambo ya kutibu maji iwe ya miaka 10 na nafasi ya kuongeza. Bomba kubwa lenye watumiaji wachache hulaza maji siku kadhaa, klorini inaisha njiani.

Upande wa chanzo, wastani wa mto kwa mwaka hauna maana yoyote. Kinachohitajika ni mtiririko wa mwezi mkavu kuliko yote, ukishatoa maji yanayopaswa kubaki mtoni na haki za wanaochota chini yenu. Kwa vijito, wekeni ubao wenye pengo la pembe ya digrii 90 na msome kina cha maji juu ya ncha ya chini ya pembe. Kina kipimwe nyuma ya ubao, upande maji yanakotoka, umbali wa angalau mara nne ya hicho kina, si pale maji yanapoinama kuanguka. Sentimita 10 ni kama lita 4.4 kwa sekunde. Sentimita 20 ni karibu lita 25. Kina kimeongezeka mara mbili, maji zaidi ya mara tano. Ndiyo maana kosa la sentimita moja katika kusoma si dogo. Mtu mmoja mwenye daftari akisoma kila asubuhi kwa miaka miwili atawasaidia kuliko ripoti nene iliyokisia mto kutokana na mvua.

SWALI: Kisima chetu kirefu kilikuwa kinatoa lita 5 kwa sekunde bila shida. Sasa pampu inavuta hewa mchana. Tumeambiwa maji chini ya ardhi yamekwisha, tuchimbe kingine mita 30 pembeni.
Katibu wa jumuiya ya watumia maji

JIBU: Msichimbe bado. Mnahitaji namba mbili: kina cha maji yakiwa yametulia, pampu imezimwa usiku kucha, na kina wakati pampu imefanya kazi saa kadhaa. Linganisheni na zile zilizoandikwa kisima kilipojaribiwa.

Kama maji yaliyotulia yako pale pale ila yanashuka mno yakivutwa, ardhi ina maji na kisima ndicho kinaumwa. Mfano: zamani lita 5 zilishusha maji mita 10, yaani lita 0.5 kwa kila mita ya kushuka. Leo zinashusha mita 20, yaani 0.25. Vichujio vimezibwa na mashapo, kutu au utando wa vijidudu vinavyokula madini ya chuma. Kusafisha kwa brashi, hewa ya kompresa na dawa inayofaa hurudisha sehemu kubwa ya uwezo, ikifanywa kabla hali haijawa mbaya.

Kama hata maji yaliyotulia yameshuka, na visima vya jirani hali kadhalika, mnavuta kuliko kinachorudi. Kisima cha pili mita 30 pembeni kitakunywa kutoka kikombe kile kile, tena vyote viwili vitashushiana maji. Punguzeni kasi ya kuvuta na kuongeza saa: lita 3 kwa saa 20 ni maji yale yale kama lita 5 kwa saa 12, na pampu haipati nafasi ya kunyonya hewa. Hakuna kumbukumbu za mwanzo? Anzeni leo. Utepe wa kupimia kina, ule unaolia ukigusa maji, ni sehemu ndogo sana ya gharama ya kuchimba.

SWALI: Kila umeme ukikatika, bomba letu la chuma la kilomita 4 linapasuka, mara karibu na kituo, mara kwenye kilima cha katikati. Fundi amependekeza kifaa cha kuwasha mota polepole.
Mwendeshaji

JIBU: Kifaa hicho ni kizuri kwa kuwasha. Umeme ukikatika hakina cha kufanya, kwa sababu nacho kimezimika.

Tatizo ni uzito wa maji yaliyo mwendoni. Kwenye chuma, wimbi la presha husafiri karibu mita 1,000 kwa sekunde, na kila mita 1 kwa sekunde ya mwendo inayosimamishwa ghafla inaleta mita 100 za presha juu ya ile iliyopo. Mwendo wenu ukiwa 1.2, ni zaidi ya mita 120. Kwenye plastiki laini wimbi ni la polepole na pigo ni dogo, ndiyo maana fundi aliyezoea mabomba hayo hushtuka akihamia kwenye chuma. Wimbi linahitaji sekunde 8 kwenda na kurudi kilomita zenu 4. Kitu chochote kinachofunga ndani ya muda huo, bomba linakihesabu kuwa ghafla.

Mpasuko wa kilimani una sababu yake. Pampu ikizima, maji mbele yanaendelea kwenda, nyuma yake presha inashuka chini ya sifuri, na safu ya maji inakatika pale kileleni. Halafu pande mbili zinarudi na kugongana. Mpasuko wa karibu na kituo kwa kawaida ni kazi ya valvu ya kuzuia maji kurudi iliyochelewa: maji yanaanza kurudi kwanza, kisha kibao kinapiga. Mkisikia kishindo kimoja kizito sekunde chache baada ya giza, ni hicho.

Wekeni valvu ya kuzuia maji kurudi inayofunga kwa springi kabla maji hayajageuka, chombo cha hewa kituoni chenye ujazo uliokokotolewa na mhandisi (hiki si cha kukisia), na kileleni valvu ya hewa inayoingiza hewa haraka lakini kuitoa polepole. Ile inayoitoa haraka huzalisha pigo jipya. Kagueni pia zege la kuegemeza kona. Kona ya digrii 90 kwenye bomba la milimita 200 lenye bari 10 inasukumwa kwa nguvu ya takriban tani 4 na nusu hata bila pigo, na udongo mtupu hauwezi kuishika. Mkijaza bomba upya baada ya matengenezo, msizidi mwendo wa mita 0.3 kwa sekunde.

SWALI: Tunaweka klorini kila siku lakini mwisho wa mtandao kipimo kinasoma sifuri. Tuongeze maradufu?
Fundi wa mtambo

JIBU: Kwanza hakikisha unaweka kile unachodhani unaweka. Mtiririko wa lita 25 kwa sekunde ni mita za ujazo 90 kwa saa. Kwa kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita zinahitajika gramu 135 za klorini kila saa. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 utatumia gramu 208. Kwa pipa la lita 200 la asilimia 1, koroga kilo 3.1 za unga na udondoshe lita 13.5 kwa saa, pipa litaenda karibu saa 15. Siku zote unga uingie kwenye maji, wala usichanganywe na kitu kingine. Acha chokaa iliyomo kwenye unga itulie na uchote maji ya juu, la sivyo kidondoshi kitaziba kabla ya adhuhuri, na hili ndilo kosa tunalolikuta kwenye barua nyingi kuliko yote. Pipa la unga lililofunguliwa miezi mingi kwenye stoo ya joto halina tena asilimia 65.

Kama dozi ni sahihi, pima njiani: kwenye tangi, katikati ya mtandao, mwishoni. Klorini huru ya miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, pH (kipimo cha asidi na alikali) ikiwa chini ya 8, ndiyo inayoua vijidudu. Kwa mteja isipungue 0.2. Ikianguka ghafla kati ya vituo viwili, kuna mashapo kwenye bomba, ncha isiyo na mtiririko, au maji machafu yanaingia. Fungueni valvu za kutolea tope za mabondeni mpaka maji yawe meupe. Kama maji yanatoka mtamboni yakiwa na tope, rudini kwenye shabu na vichujio. Klorini haipenyi tope.

SWALI: Ukame umetukuta. Tufunge maji kwa zamu za mitaa au kuna njia nyingine?
Mjumbe wa bodi

JIBU: Zamu iwe ya mwisho. Bomba likiwa tupu hufyonza maji ya mitaro kupitia nyufa zile zile lilizokuwa likivujia, na yakirudi hewa inayokimbia hupasua viungio na kuzungusha dira za wateja. Watu nao huacha koki wazi, hujaza kila chombo, na maji mapya yakija humwaga ya jana. Bora kushusha presha kila mahali na kuweka kikomo kwa mtu. Cape Town mwaka 2018 iliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, ikapunguza presha na kupandisha bei kwa watumiaji wakubwa, na siku ya kufunga mabomba iliyokuwa inaogopwa haikufika. Zamu ikilazimu, ratiba iwe ile ile kila wiki, mabomba yajazwe polepole, na dakika za kwanza za maji zitolewe nje.

SWALI: Tunataka kuacha maji ya kununua kutoka mamlaka jirani na kutumia mto wetu. Maji yamepimwa ni salama. Kuna la kuangalia?
Diwani

JIBU: Mabomba yenu. Maji salama mtoni yanaweza kuwa sumu kwenye koki. Flint, jimbo la Michigan nchini Marekani, ilifanya hivyo hivyo Aprili 2014: ikaacha maji yaliyotibiwa ya Detroit, ikatumia mto wake bila kuweka dawa ya kuzuia ulaji wa mabomba. Maji mapya yakabandua utando wa ndani, madini ya risasi yakaingia majumbani, na mji ukarudi kwenye chanzo cha zamani Oktoba 2015. Kateni vipande vya mabomba ya zamani kutoka mitaani, vipitishieni maji mapya yaliyotibiwa kwa miezi kadhaa, mpime chuma, shaba na risasi. Mkishabadilisha, sampuli zichukuliwe kwenye koki ya mteja, maji ya kwanza ya alfajiri, kabla mtu yeyote nyumbani hajafungua chochote.